Mama wa Sura ya Kwanza

Tarehe 4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Ya Mama mpelekee kwa mikono miwili, umwambie mwanawe Kobe bado anatembea polepole kama siku aliyojifunza, ila safari hii anajua anakokwenda. Natumaini duka la dawa halijakumaliza miguu, na kwamba yule mteja wako wa matone ya macho ameacha kukuita daktari. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe ulipakwa rangi mwezi uliopita, kwa hiyo siwezi kulalamika kwamba sioni mabadiliko.

Nimekupigia mara tano tangu mwaka uanze, simu yako inaita tu, haipokelewi. Sisi huku simu zetu zinafungiwa kabatini tangu asubuhi mpaka jioni, wanaogopa tutapiga picha za mchezo na kuzisambaza kabla haujatoka. Basi nimeona niandike.

Kazi yangu unaijua, ingawa watu wakikuuliza unawaambia "mdogo wangu yuko kwenye kompyuta", kana kwamba nimetumbukia ndani. Ninaandika maneno ya mchezo wa video. Una falme, mapanga, majoka, na shujaa mmoja anayetoka kijijini kwao mikono mitupu. Mchezaji ndiye shujaa. Anapigana, anapanda ngazi za nguvu, anaingia nyumba za watu bila hodi na kuvunja mitungi yao akitafuta mishale, na hakuna hata mmoja anayemkemea. Nimekuandikia nyuma ya karatasi jinsi mambo yote yanavyokwenda, usije ukasema nakuficha.

Shujaa huyo ana mama. Kila akirudi kwao, mama anatoka mlangoni na kumwambia neno. Sentensi tisa tu. Wameletwa waigizaji watatu, wote wanaongea kama wanauza sabuni. Nikasema ninamjua mwanamke aliyetangaza treni stesheni miaka ishirini na sita, na hakuna abiria aliyewahi kukosea treni kwa sababu yake. Nimeweka kinasa sauti na kadi zake za kuhifadhia sauti kwenye bahasha hii, umrekodi Mama. Usinitumie sauti kwa simu, inabanwa njiani inafika kama mtu anaongea ndani ya debe. Rudisha kadi kwa posta.

Mwezi wa nne nakuja. Hilo liandike ukutani.

Mdogo wako,
Kobe


Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu Kobe,

Marahaba. Mama naye ameitikia, akaongeza kwamba shikamoo ya bahasha haina joto. Mimi mzima, mteja wa matone sasa ananiita profesa. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya nguo. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Kwa hiyo usihangaike kupiga, andika tu. Mama hajambo. Ana kikohozi kidogo, ni hili vumbi la barabara wanayoitengeneza mbele ya nyumba.

Kazi yako tumeifanya. Tulijifungia chumba cha nguo, maana uliandika kwamba nguo zinameza mwangwi. Mama alivaa gauni lake la kazi, lile la bluu. Nikamwambia hakuna atakayemwona. Akasema, "Mimi nitajiona." Sentensi ya kwanza, "Umerudi, mwanangu? Ingia," aliitoa kwa sauti ile ya stesheni, nusura nitafute tiketi.

"Mama, huyu anamwona mtoto wake, siyo treni."

"Na treni nazo nilikuwa nafurahi zikifika," akanijibu. Lakini mara ya pili aliisema vizuri mpaka nikageuka kutazama mlango.

Hayo maelezo yako ya nyuma nimeyasoma yote. Ile chupa nyekundu imenichekesha. Mtu amekatwa panga la bega, anakunywa chupa moja, anaruka juu! Miaka kumi na tisa niko nyuma ya kaunta ya dawa sijaiona. Ningeipata moja tu, nisingeiweka hata rafuni. Huo mstari wa uhai unaokaa juu ya kichwa cha kila mtu, unaopungua akiumia, huo nimeupenda kwa dhati. Sisi wengine tunabahatisha kwa kumtazama mtu usoni.

Njoo mwezi wa nne. Usilete zawadi, lete sura yako.

Dada yako


Tarehe 30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo tena, na Mama pia. Pole na vumbi. Mimi mzima, ila macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi kwa kutazama kioo mchana kutwa.

Kadi imefika. Ninazisafisha sauti mwenyewe kabla hazijakwenda kwa fundi: nakata mikwaruzo, milango inayogongwa, na kelele nyingine ndogo ndogo. Zimetoka safi. Sijawahi kujivuna hivi ofisini.

Sasa usinikasirikie. Mwezi wa nne hautawezekana. Bosi wetu tunamwita Kalenda, maana hafungui mdomo bila tarehe kutoka. Tarehe zake zimesogea mbele, na sisi tumesogezwa nazo. Nimeomba ruhusa, amekataa. Mwezi wa sita bila shaka.

Halafu nina vita. Kalenda anataka mama wa shujaa afe sura ya kwanza. Anasema ndivyo michezo hii inavyokwenda: kijiji kinachomwa, mama anakufa mikononi mwa mwanawe, mtoto anapata sababu ya kusafiri. Nikamuuliza, kwani mtu hawezi kuondoka kwao mama akiwa hai? Akasema anaweza, lakini mchezaji hatajali. Nimegoma. Kila mkutano nasimama namtetea Mama kama wakili, wenzangu wameanza kuniita Mtoto wa Mama. Najua si Mama wetu, ni picha tu, lakini sauti ni yake na siwezi kumwachia.

Nikupe siri moja ya michezo hii, utacheka. Haraka zake zote ni za uongo. Mzee anamlilia shujaa, "Kimbia, kijiji kinaungua!" Shujaa anakwenda kuvua samaki. Anachuma majani ya dawa, anamtafutia mjane kuku aliyepotea, anamaliza mwezi mzima. Akifika, kijiji ndiyo kwanza kinaungua, moto ule ule, mtoto yule yule anapiga kelele dirishani. Dunia haisogei mpaka yeye afike. Tumeiandika hivyo makusudi, maana mchezaji akichelewa na kukuta majivu, anakasirika na kuuzima.

Naomba Mama arudie sentensi ya nne na ya saba. Na aongeze moja, "Sikuhesabu siku." Itafaa akikaa sana safarini.

Kobe


Tarehe 24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo.

Kitanda cha Mama nimekihamishia sebuleni, pana hewa zaidi. Magauni yake mawili nimeyapunguza ubavuni. Anasema ameanza kupenda nguo za kubana uzeeni. Mimi kazini ninaingia zamu ya mchana tu siku hizi.

Tulirekodi kwa siku tatu, asubuhi asubuhi, ndiyo maana kadi imechelewa. Nilimsomea barua yako yote. Hapo pa moto unaosubiri alinisimamisha.

"Rudia."

Nikarudia.

"Sasa huyo shujaa akienda kuvua samaki, mama yake pale nyumbani anafanya nini?"

"Anasimama mlangoni, Mama. Hali wala halali. Ameandikwa hivyo."

Akaniambia, "Mimi nilitangaza treni zilizochelewa, nikawa nasema 'abiria mnaombwa kusubiri'. Sikuwahi kuitangazia treni kwamba abiria wamesubiriwa." Kisha akasema nikuandikie kwamba anakushukuru kwa kumtetea, na kwamba usigombane na mwajiri wako kwa ajili yake.

Hayo ni yake. Yangu ni haya. Wewe unasema haraka ni za uongo, mimi nakukumbusha kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo. Njoo hata siku mbili. Panda treni Ijumaa, Jumapili ugeuze. Huyo Kalenda mwambie unaumwa jino, mwambie lolote. Mwezi wa sita uko mbali, Kobe. Yapo mambo hayaandikiki, na mimi sijakuomba kitu tangu ulipoondoka.

Dada yako


Tarehe 9 Mei
(Hii sikuituma wakati wake.)

Mdogo wangu,

Siwezi tena. Mama ana uvimbe kwenye pafu la kushoto na sasa umefika kwenye ini. Daktari alituambia Januari, tukiwa tumekaa wote wawili kwenye viti vya plastiki, na Mama alimshukuru kama mtu aliyeelekezwa njia. Daktari alisema mwaka huu hautaisha naye. Mimi nauza dawa na nasoma makaratasi yake mwenyewe, hakuna wa kunidanganya.

Aliniapisha siku ile ile. Nilishika mkono wake nikaapa. Anasema uliondoka hapa ukiwa mtu wa kuanza mambo na kuyaacha, na hii ndiyo kazi ya kwanza umeimaliza nusu, hataki iwe yeye aliyekukatiza. Simu yangu nzima kabisa, iko hapa mezani. Nimeambiwa nisikupokelee kwa sababu ungesikia anavyokohoa. Kila ikiita jina lako tunaitazama wote wawili mpaka inyamaze.

Anayeficha maradhi, kilio humuumbua. Namwambia kila siku. Ananijibu, "Basi kitaumbua nikiwa sipo."

Nitaiweka barua hii kwenye droo ya dawa zake. Kesho nitajua kama ninayo nguvu ya kuivunja ahadi.

(Sikuwa nayo.)


Tarehe 15 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya, na samahani ya pili kwamba nakuandikia mwezi wa sita badala ya kuja. Najua utasonya. Mimi mzima, nimekonda kidogo, tunakula tumesimama.

Nimeshindwa vita. Sikushindwa na Kalenda, nimeshindwa na wachezaji. Tuliwaita watu arobaini waujaribu mchezo, sisi tumekaa nyuma ya kioo tunaandika wanachofanya. Kila mtu alizungumza na Mama mara moja, mwanzoni, kwa sababu mlango haufunguki usipozungumza naye. Baada ya hapo walitawanyika nchi nzima, wakaua majitu, wakakusanya ngao. Kati ya arobaini, waliorudi nyumbani kumsikiliza ni wawili. Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini hakurudi. Akasema, "Kule hupati kitu. Hakupi silaha, hakupandishi ngazi. Anakuuliza tu kama umekula."

Kalenda hakunicheka. Aliniambia taratibu, "Akiwa hai hawamkumbuki. Akifa watambeba mchezo mzima."

Kwa hiyo anakufa sura ya kwanza, na ninahitaji sauti yake akifa. Maneno ni haya: "Nenda, mwanangu. Mtafute Mfalme wa Kutu, umlipishe damu yangu. Usigeuke nyuma." Mwambie aseme kwa shida, kama mtu anayekatika pumzi, asimalizie neno la mwisho. Mwambie aige tu, asijichoshe. Najua ni ombi la ajabu kumpa mzazi. Mwambie ni kazi, na yeye kazi anaijua. Kadi inatakiwa kabla Julai haijaisha.

Kobe


Tarehe 8 Julai

Kobe,

Kadi hii hapa. Ilichukua siku nne.

Nilikataa kumsomea barua yako. Akaniambia nimpe aisome mwenyewe, na alipoimaliza alicheka, kicheko cha kweli, mpaka nikamshika mgongo. "Ameniletea kazi ninayoiweza," akasema.

Maneno yako hakuyataka. Amesema yake. Sikuwepo chumbani, alinitoa.

Isikilize peke yako. Isiwe mbele ya watu. Tafadhali, hilo moja tu nisikilize.

Dada


Tarehe 16 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi mzima.

Kadi ilifika tarehe 30 Julai. Uliniambia nisikilize peke yangu. Kalenda alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na saa mkononi, nikaiweka kwenye spika za chumba. Tulikuwa watu kumi na wanne. Mama alisema hivi, nakuandikia kwa sababu hukuwepo:

"Mwanangu, usimtafute mtu wa kumlipiza. Kinachoniondoa hakina jina la mtu. Kula kabla hujalala. Dada yako usimkasirikie, nilimwapisha mimi. Nimechoka kidogo, ngoja nikae."

Halafu pumzi, ndefu sana. Halafu kinasa sauti kinazimwa.

Mchoraji wetu wa majoka, mtu mzima mwenye ndevu, alitoka nje. Kalenda alisema hawezi kumpata mwigizaji wa kiwango hicho hata akitafuta miaka kumi, na kwamba kisasi basi, tutabadilisha mchezo ufuate maneno yale. Sentensi ya dada nimeikata, kwa sababu shujaa wetu hana dada.

Fundi wa sauti ni mwanamke mkimya, huwa hatusemezani zaidi ya habari za asubuhi. Alivua vifaa vyake vya masikioni akaniuliza, "Mama yako anaumwa?" Nikamwambia ni mtangazaji wa zamani, anajua kuigiza. Akaniambia nyuma ya sauti kuna mashine inavuta na kutoa hewa, anaujua mlio wake kwa sababu ilikaa kwao na baba yake. Nikamwambia ni feni. Huko kwenu joto haliishi.

Mchezo unatoka tarehe 3 Oktoba. Nitapanda treni siku hiyo hiyo. Niandikie haraka, Dada. Niambie ni feni.

Kobe


Tarehe 1 Septemba

Mdogo wangu,

Si feni.

Mama alifariki tarehe 24 Julai, saa tatu asubuhi, nikimbadilishia shuka. Tulimzika kesho yake. Walikuja wenzake saba wa stesheni, wazee wote. Kadi yako ilipofika alikuwa na siku tano ardhini, na nyie mlikuwa mnaisikiliza kwenye spika.

Nimeambatanisha barua ya Mei, isome utaelewa nilichoficha na kwa nini. Lakini yote sitabeba mimi. Tarehe 21 Julai nilivunja kiapo. Nilipiga simu ofisini kwenu. Mpokea wageni alikuwa na adabu, aliniambia simu zenu zimefungiwa, akaandika kikaratasi: "Dada yako amepiga. Piga nyumbani haraka." Nikamsikia akiinuka kwenda kukibandika mezani kwako, alirudi akaniambia tayari. Siku tatu nilikaa na simu mfukoni mwa aproni, kwenye mfuko ule wa mbele ili nisikie hata ikitetemeka. Mama aliniona. Hakuuliza natarajia simu ya nani.

Tarehe 24 sikupiga tena. Hilo ni kosa langu na silifichi. Nilikuwa na hasira, nikasema na asubiri na yeye. Baada ya mazishi nilishika kalamu mara nne, nikaandika matusi mara nne, nikachana.

Niambie kama kile kikaratasi kilikufikia. Usinipigie. Andika, ili nikuone ukisema.

Dada yako


Tarehe 22 Septemba

Dada,

Sina salamu ya kuanzia.

Kilinifikia. Kilibandikwa kwenye kioo changu, cha njano, mbele ya macho kabisa. Nilikitoa nikakiweka ndani ya daftari. Nilijiambia nitapiga jioni. Jioni nikajiambia kesho, kwa sababu kesho kadi huenda ikafika na ningekuwa na la kuzungumza. Neno "haraka" nililiona. Mimi ndiye ninayeliandika neno hilo kwenye midomo ya watu mchana kutwa, na ninajua kwamba nyuma yake huwa hakuna kitu.

Liko kubwa kuliko hilo. Nilikuambia nasafisha sauti mwenyewe. Kadi ya kwanza, ya Februari, ilikuwa na vikohozi vinne. Vya vumbi havisikiki vile, Dada, hata mimi najua. Nilivikata. Kadi ya Aprili ilikuwa na ishirini na kimoja, na kabla ya kila sentensi kulikuwa na mtu anakusanya nguvu. Nilivikata vyote, nikasogeza maneno yakakaribiana, ikatoka sauti ya mwanamke mzima anayemkaribisha mwanawe. Kisha nikakaa naisikiliza hiyo niliyoitengeneza. Kwa ile nyingine nikatia pamba masikioni. Mlidhani mnanificha. Nilijua tangu mwezi wa tatu, nikawashukuru moyoni kwa kunificha, kwa sababu mngesema ningelazimika kuja.

Na ruhusa sikuwahi kuomba. Si mwezi wa nne, si wa sita. Nilimweleza Kalenda wiki hii, akaweka kalamu chini akaniuliza, "Kwa nini hukusema? Ningekupa wiki tatu." Wiki tatu, Dada. Nilikuwa nagombana na mtu huyu kila Jumatatu ili mama wa kwenye kioo asife, na Mama mwenyewe sikumwambia hata sentensi moja. Niliogopa kukaa kando ya kitanda nisijue la kufanya. Huku najua la kufanya kila wakati, nimeliandika mwenyewe.

Kalenda amesema sauti inaweza kutolewa, ameahirisha tarehe yake mpaka utakapojibu. Mimi sistahili kuamua. Wewe ulikuwepo. Sema itoke au ibaki, nitafanya utakavyosema. Na useme kama nije.

Mdogo wako


Tarehe 10 Oktoba

Kobe,

Barua yako ilinikuta nikipanga rafu. Nimeisoma nimesimama, nikafunga duka saa tano mchana, jambo ambalo sijafanya tangu niajiriwe.

Nilikuwa nimejiandaa kusamehe kikaratasi. Hilo la vikohozi sikujiandaa.

Ngoja nikueleze jinsi vilivyokuwa, maana ulivisikia lakini hukuviona. Mama alikuwa anavizuia. Nilikuwa nabonyeza kitufe, naye anaufunga mdomo na kushika ukingo wa kabati la nguo, mishipa inamsimama shingoni, machozi yanamtoka, mpaka amalize sentensi yako. Kisha ananipa ishara nizime, ndiyo anajiachia. Aliniambia, "Nisimharibie kazi." Hivyo ishirini na kimoja ulivyovikata ni vile vilivyomshinda. Vingine vyote alivimeza kwa ajili yako. Na wewe ulikuwa unajua.

Sauti ibaki. Aliisema akijua inakwenda wapi, alivaa hata gauni la kazi, na mimi sina ruhusa ya kumtoa kazini. Wageni na wamsikilize. Ila ile sentensi ya dada uirudishe. Sijali kama shujaa wenu hana dada, mwandikieni.

Unauliza uje. Sikufukuzi, na sikuiti. Nakutaka kitu kimoja. Hapa ndani kuna picha zake, kuna nguo zake, kuna sauti yake ya stesheni ambayo kila mtu anaikumbuka. Mama niliyeishi naye miezi ile saba, niliyemgeuza na kumpangusa, hayupo kwenye chochote. Kwenye ile sauti yako safi simtambui. Mimi namjua anayekohoa.

Vile vikohozi ulivyokata, uliviweka au ulivitupa? Kama uliviweka, vilete nyumbani. Usivitume kwa posta.

Dada yako